Saa ya Mpakani: Historia ya Namba Iliyopigiliwa Ndani ya Kompyuta

Utangulizi

Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha somo la saa hutumia kanuni ambayo wanafunzi huikariri upesi: chukua saa ya Kizungu, ongeza sita au punguza sita, nawe umepata saa ya Kiswahili. Hivyo 7:00 ni saa moja ya asubuhi, 12:00 ni saa sita ya mchana, na 19:00 ni saa moja ya usiku. Kengele inalia na somo linaishia hapo.

Katika makala haya tunakusudia kuanzia pale somo linapoishia. Tutafuatilia historia ya namba moja tu: ile inayoiambia kompyuta kuwa hapa ilipo ni saa ngapi. Zamani namba hiyo ilikuwa imepigiliwa ndani ya programu kama msumari kwenye ubao, na mtumiaji wa kawaida hakuweza kuing'oa. Baadaye iligeuzwa kuwa mpangilio ambao kila mtu anaweza kujichagulia. Mfano wetu tutauchukua Busia na Tororo, katika mpaka wa Kenya na Uganda, kwa sababu hapo huonekana wazi faida ya badiliko hilo na pia upungufu wake. Hoja yetu ni kwamba namba inapotolewa ndani ya programu na kukabidhiwa mtumiaji, kazi haijaisha. Bado yupo mtu aliyeandaa orodha ya kuchagulia, na orodha hiyo inaweza kuusahau mji wako.

Tuelewane kwanza kuhusu istilahi. Tunaposema thamani iliyopigiliwa, tuna maana ya namba au neno ambalo mwandishi wa programu ameliandika moja kwa moja ndani ya msimbo, hata mtumiaji asiweze kulibadilisha mpaka aufungue msimbo wenyewe na kuiunda programu upya. Thamani inayorekebishika ni ile iliyowekwa nje ya msimbo, katika faili au katika amri, ili mwenye kuitumia aiweke apendavyo. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake umeachwa wazi ili yeyote ausome, autumie na aurekebishe.

Mpaka, reli na jua

Busia ni mji mmoja uliogawanywa na mstari. Upande wa mashariki ni Busia ya Kenya, upande wa magharibi ni Busia ya Uganda. Kaskazini ya hapo, barabara kuu na reli kutoka Mombasa huvuka mpaka kwenye mji wa Malaba, kisha huingia Tororo, mji uliotulia chini ya mwamba mkubwa unaoonekana kutoka mbali. Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mstari huo. Wilaya ya Busia ya Uganda yenyewe ilimegwa kutoka wilaya ya Tororo mwaka 1997, na tangu Februari 2018 maafisa wa nchi zote mbili wanafanya kazi katika kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa rasmi na marais wa Kenya na Uganda.

Mpaka huu si wa kale. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, mahali hapo palikuwa bado ndani ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1920 ilipewa jina la Kenya. Hivyo watu waliolala Waganda kwa hesabu ya serikali waliamka wakiwa wa himaya nyingine, bila kuhama hata hatua moja.

Jua halikuhamishwa. Dunia hujizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa kila dakika 4. Busia iko karibu na digrii 34 mashariki ya Greenwich, Nairobi karibu na 37, na Mombasa karibu na 40. Kwa hiyo jua hufika utosini Busia takriban dakika 11 baada ya Nairobi na takriban dakika 22 baada ya Mombasa. Mkulima hasumbuliwi na dakika hizo. Mwenye reli anasumbuliwa nazo sana, kwa sababu ratiba moja haiwezi kufuata jua la kila stesheni. Ndiyo maana serikali nyingi duniani, baada ya kupata reli na telegrafu, zilitangaza saa moja rasmi kwa nchi nzima.

Katika Himaya ya Afrika Mashariki tangazo hilo lilitolewa kwenye gazeti rasmi la serikali mwezi Mei 1908: saa rasmi itakuwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Namba hiyo haikukaa milele. Usiku wa manane wa tarehe 30 Juni 1928 saa za Kenya zilisogezwa mbele kwa nusu saa, zikawa saa tatu kamili mbele ya Greenwich. Sheria hiyo ilifutwa, na tarehe 4 Januari 1930 saa zikarudishwa nyuma. Tarehe 31 Desemba 1936 zilisogezwa tena mbele kwa dakika 15. Hatimaye, katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, tarehe 31 Julai 1942, ziliongezwa dakika 15 nyingine, na Kenya ikafika kwenye saa tatu mbele ya Greenwich ambazo inazitumia mpaka leo.

Uganda ilikuwa na safari yake. Hifadhidata ya saa za dunia, ambayo tutaieleza hivi punde, imehifadhi kumbukumbu kwamba Uganda ilirudi kwenye saa mbili na nusu mwaka 1930, ikaenda saa mbili na dakika 45 mwaka 1948, na ikafika saa tatu kamili mwaka 1957. Tukiziweka orodha hizi mbili sambamba tunaona jambo la ajabu. Kwa mujibu wake, kuanzia mwaka 1937 hadi mwanzo wa mwaka 1957, yaani kwa miaka 20, saa rasmi za pande mbili za Busia hazikulingana. Kuanzia Agosti 1942 hadi mwisho wa 1947 tofauti ilikuwa nusu saa nzima. Mchuuzi aliyetoka Busia ya Kenya saa mbili kamili ya asubuhi angevuka mstari na kukuta ni saa moja na nusu. Uganda ilipohamia kwenye saa mbili na dakika 45 mwaka 1948, tofauti ilipungua ikawa robo saa. Mwaka huohuo reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliwekwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki.

Tumeyaeleza haya kwa urefu ili ieleweke kwamba saa tatu mbele ya Greenwich si amri ya maumbile. Ni uamuzi uliofanywa na watu, ukabadilishwa mara kadhaa, na kila mara ulikuwa na tarehe yake.

Namba 18,000

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafiti wa maabara za Bell katika jimbo la New Jersey, Marekani, waliunda mfumo wa kompyuta uitwao Unix. Ndani yake kulikuwa na amri fupi iitwayo date. Mtumiaji akiiandika kwenye mstari wa amri, kompyuta humjibu kwa kumwandikia siku, tarehe na saa. Amri hiyo ipo hata leo katika mifumo huria kama GNU na Linux, na imo ndani ya mashine nyingi kuliko watumiaji wanavyodhani.

Kompyuta ya Unix haijui asubuhi wala jioni. Inachojua ni idadi ya sekunde zilizopita tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa saa ya Greenwich. Ili itoe saa ya mahali ilipo, lazima ijumlishe au itoe kiasi fulani. Katika toleo la sita la Unix, la mwaka 1975, kiasi hicho kiliandikwa ndani ya msimbo hivi: 5*60*60. Ni sekunde 18,000, yaani saa tano, ambayo ndiyo tofauti ya New Jersey na Greenwich. Pembeni yake yaliandikwa majina ya saa za mashariki ya Marekani, na vifupisho vya siku za juma kwa Kiingereza. Kanuni ya Marekani ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi ilipigiliwa humo pia. Hata dharura ya mafuta ya miaka ya 1974 na 1975, ilipoifanya Marekani isogeze saa mapema kuliko kawaida, ilibidi iandikwe ndani ya msimbo kuwa kanuni ya pekee.

Haikuwa nia mbaya. Walioandika walikuwa New Jersey na kompyuta ilikuwa New Jersey, na mtu hujenga mlango kwa kimo cha watu wa nyumba yake. Lakini tuseme mashine hiyo ingewekwa Tororo bila kuguswa. Saa mbili ya asubuhi, watoto wakiwa darasani, ingeandika kwamba ni usiku wa manane. Ili kuisahihisha, mtu angelazimika kuufungua msimbo, aondoe 5 na kuweka 3 yenye alama ya kutoa, azime kanuni ya kiangazi, kisha aziunde upya programu zote zinazotaja saa. Kazi hiyo ingehitaji fundi, na ingehitaji ruhusa ya kuuona msimbo wenyewe.

Kutoka msimbo hadi mpangilio

Ukombozi wa namba hii ulikuja kwa hatua. Katika toleo la saba, la mwaka 1979, namba ilitolewa ndani ya programu mojamoja ikawekwa mahali pamoja katika kiini cha mfumo. Mwenye mashine aliibadilisha mara moja tu, ingawa bado alihitaji kukiunda kiini upya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 toleo la System III lilileta kigeu kiitwacho TZ. Kuanzia hapo mtumiaji aliweza kuandika mwenyewe, bila kugusa msimbo, jina la saa yake na tofauti yake na Greenwich. Kwa mpangilio huo Afrika Mashariki huandikwa EAT-3. Msomaji asishangae kuona alama ya kutoa: waliobuni walihesabu kuelekea magharibi, kwa hiyo sisi wa mashariki tukawa hasi.

Bado kanuni ya kiangazi ya Marekani ilibaki imepigiliwa ndani. Ubaya wake ulidhihirika mwaka 1986, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya kuanza saa za kiangazi mapema zaidi kuanzia 1987. Programu zote zilizokuwa na kanuni ya zamani zilikuwa karibu kusema uongo kwa siku moja. Ndipo Arthur David Olson, mtumishi wa taasisi za taifa za afya za Marekani, alipoandika programu iliyofuata njia nyingine. Alizitoa kanuni zote nje ya msimbo akaziweka katika mafaili ya maandishi ambayo mtu anaweza kuyasoma na kuyarekebisha. Programu haikuhitaji tena kujua sheria ya nchi yoyote. Ilihitaji kujua kusoma faili tu. Olson hakujiwekea haki ya kumiliki kazi hiyo. Aliitoa kwa umma.

Mafaili hayo yalikua yakawa hifadhidata ya saa za dunia. Kila eneo lilipewa jina la bara na mji, mathalani Africa/Nairobi na Africa/Kampala. Baada ya Olson, mhariri mkuu amekuwa Paul Eggert wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Mwaka 2011 kampuni moja ya programu za unajimu ilifungua kesi ikidai kwamba kumbukumbu za kale zilizomo zilichukuliwa kutoka atlasi yake. Kesi iliondolewa mwaka uliofuata, na tangu Oktoba 2011 hifadhidata inatunzwa na IANA, taasisi inayosimamia namba na majina ya intaneti.

Faida yake tuliiona hapahapa jirani. Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini iliacha saa tatu mbele ya Greenwich ikachukua saa mbili. Malori yanayotoka Mombasa na kuvuka Malaba yakielekea Juba yalianza kuvuka mpaka wa saa ambao siku iliyotangulia haukuwapo. Duniani kote hakuna mtu aliyelazimika kuuandika upya msimbo wa amri ya date kwa sababu hiyo. Mstari mmoja uliongezwa katika faili, na kila mashine iliyopokea faili jipya ilijua saa ya Juba.

Kampala yapewa historia ya Nairobi

Hata hivyo, tusiishie kwenye sifa. Mtu wa Tororo aliyetumia kompyuta za Windows anakumbuka kwamba alipotafuta saa ya kwao katika orodha alikuta mji mmoja umeandikwa kwa niaba ya ukanda wote: Nairobi. Saa ilikuwa sahihi, kwa hiyo hakuna aliyelalamika sana.

Katika hifadhidata huria Kampala ilikuwa na mstari wake na historia yake. Lakini wahariri wana kanuni: maeneo ambayo saa zake zimelingana tangu mwaka 1970 huhesabiwa kuwa eneo moja. Kenya na Uganda zimelingana kwa muda huo wote. Kwa sababu hiyo, mwaka 2014 Africa/Kampala iliondolewa katika mafaili makuu ikafanywa kuwa jina la pili tu la Africa/Nairobi, pamoja na Dar es Salaam, Addis Ababa, Mogadishu na miji mingine ya jirani. Historia ya Kampala haikuchomwa moto. Iliwekwa katika faili la pembeni liitwalo backzone, na anayeiunda hifadhidata anaweza kuchagua kulijumuisha au kuliacha. Asiyechagua hupata ya Nairobi.

Msomaji mwenye kompyuta ya Linux anaweza kujionea. Aandike:

TZ=Africa/Kampala date -d '1945-06-01 05:00 UTC'

Kama hifadhidata yake imeundwa bila faili la pembeni, atajibiwa kwamba Kampala ilikuwa saa mbili kamili ya asubuhi. Kama imeundwa pamoja nalo, atajibiwa saa moja na nusu. Swali ni lilelile na amri ni ileile, lakini majibu mawili. Ile nusu saa iliyomtenga mchuuzi wa Busia na ng'ambo yake mwaka 1945 huonekana kwa mmoja na kufutika kwa mwingine, kutegemea uamuzi wa fundi ambaye hakuwahi kuulizwa na mtu wa Busia.

Je, wahariri walikosea? Wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya kumbukumbu zao za kabla ya 1970 zilitokana na atlasi za Thomas Shanks, ambazo hazitaji ushahidi wake, na wao wenyewe wameonya ndani ya mafaili kwamba nyingi hazina uhakika. Hawakutaka kueneza tarehe za kukisia kana kwamba ni historia. Kwa hiyo orodha ya Uganda tuliyoitaja hapo juu tuipokee kama dai linalongoja ushahidi.

Ushahidi hupatikana vipi? Mfano wa Kenya ni fundisho. Kwa muda mrefu hifadhidata ilisema kwamba Kenya ilichukua saa mbili na dakika 45 mwaka 1940 na saa tatu kamili mwaka 1960. Mwezi Oktoba 2020 mchangiaji mmoja alileta nukuu kutoka magazeti rasmi ya serikali ya kikoloni, pamoja na namba za sheria na kurasa. Ndizo zilizotupa tarehe za 1908, 1928, 1930, 1936 na 1942. Wahariri walizikubali, na kosa la miaka 18 likasahihishwa. Tunaomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini: kilichosahihisha kompyuta za dunia nzima hakikuwa ustadi wa kuandika programu. Kilikuwa usomaji wa maandishi ya zamani, kazi ambayo wanafunzi wa lugha na wa historia hufundishwa kuifanya.

Je, saa ya Kiswahili?

Tumerudi sasa kwenye somo la darasani. Ikiwa mtumiaji anaweza kujichagulia saa ya Tokyo au ya London, je, anaweza kuchagua saa ya Kiswahili? Hakuna mpangilio uliotengenezwa kwa ajili hiyo, lakini kigeu cha TZ hakiulizi sababu. Mtu anaweza kuandika:

TZ=SAA-9 date +%I:%M

Neno SAA ni jina tulilojichagulia. Kompyuta inakubali jina lolote lenye herufi tatu. Saa tisa mbele ya Greenwich ni sita zaidi ya saa yetu rasmi. Basi saa ya ukutani ikisoma 7:20 asubuhi, amri hii huandika 01:20. Adhuhuri huandika 06:00. Ni hesabu ileile ya mwalimu, imefanywa na mashine. Wanafunzi hufurahi wakiambiwa kwamba saa ya ukutani ya Tokyo, ambayo iko saa tisa mbele ya Greenwich, inasoma Kiswahili mchana na usiku bila kujijua.

Tungeweza pia kupunguza sita badala ya kuongeza, tukaandika TZ=SAA3. Saa zitakuwa zilezile, kwa kuwa katika hesabu ya saa 12 kuongeza sita na kupunguza sita ni sawa. Lakini tukiiomba amri itaje na siku, majibu yanatengana. Kwa SAA-9 siku mpya huanza 18:00 ya saa yetu rasmi, yaani saa kumi na mbili ya jioni. Kwa SAA3 siku mpya huanza saa kumi na mbili ya asubuhi. Kwa EAT-3 ya serikali, siku huanza saa sita ya usiku.

Lipi ni la Kiswahili? Katika hesabu ya kale ya pwani, inayofuata kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia mchana wake. Mabaki ya hesabu hiyo yamo katika msemo wa usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao watangazaji wa redio hulazimika kuutumia ili wasieleweke vibaya. Serikali na shule zinahesabu kutoka saa sita ya usiku. Na mtu wa kawaida, mpakani na kwingineko, akiamka alfajiri husema siku imeanza. Kanuni ya kuongeza au kupunguza sita imelificha swali hili kwa sababu inatoa saa peke yake bila siku. Kompyuta, kwa kuwa haiwezi kunyamaza juu ya siku, imelifunua.

Kuna jambo jingine ambalo Busia inatufundisha. Hesabu ya saa ya Kiswahili hufuata mchana na usiku: saa kumi na mbili ya asubuhi ndiyo mwisho wa usiku. Majirani wengi wanahesabu hivyohivyo. Mganda anaposema ssaawa emu ya asubuhi ana maana ya 7:00. Lakini kwa saa tatu mbele ya Greenwich, jua Busia huchomoza kati ya 6:24 na 6:54 kutegemea mwezi. Saa kumi na mbili ikilia kwenye redio, Mombasa panakaribia kupambazuka na Busia bado ni giza. Kwa hiyo hata saa ya Kiswahili tunayoifundisha imepigiliwa kwenye uamuzi wa serikali wa mwaka 1942 upande wa Kenya. Kwa ile saa mbili na nusu ya mwaka 1908, jua la Busia lingechomoza karibu zaidi na saa kumi na mbili yenyewe.

Namba si kitu pekee kilichotolewa ndani ya msimbo. Majina ya siku, yaliyokuwa yameandikwa kwa Kiingereza katika Unix ya kale, nayo yamehamishiwa katika mafaili ya lugha. Hifadhidata ya CLDR, inayosimamiwa na Unicode Consortium, ina mipangilio ya Kiswahili kwa Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Ndani yake kuna Jumamosi na Jumapili, na kuna hata mipaka ya alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku iliyoandikwa kwa saa kamili. Mipaka hiyo ni maoni ya mtu aliyeiandika. Iko wazi kusomwa na kupingwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba namba moja ilitoka ndani ya programu, ikaenda kwenye kiini, ikaenda kwenye kigeu, na mwisho ikaenda kwenye faili linaloweza kusomwa na mtu yeyote. Kila hatua iliondoa uamuzi mikononi mwa fundi mmoja wa New Jersey na kuusogeza karibu na mtumiaji. Lakini faili haliwezi kujijaza. Likikosa ushahidi wa Uganda, mtu wa Tororo atapewa historia ya Nairobi, na atapewa bila kuambiwa.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwa wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti, hasa wale wanaotoka Busia, Malaba na Tororo: magazeti rasmi ya Uganda ya miaka ya 1928 hadi 1957 na ratiba za treni za miaka hiyo ni maandishi yanayoweza kuthibitisha au kukanusha ile nusu saa. Wazee waliokuwa watoto wa shule mwaka 1950 pia wapo, na swali la kuwauliza ni jepesi: mlipovuka mpaka, saa ilibadilika? Kwa walimu: somo la saa liongezewe kipindi kimoja kuhusu mwanzo wa siku. Wanafunzi waulizwe siku ya Mswahili huanza lini, nao watetee jibu lao kwa mifano ya lugha. Mjadala huo ukishapata jibu lenye hoja, mtu wa kuliandika katika faili hatakosekana. Mahali pa kuliandika pameshaachwa wazi.